Kihindi, Kiingereza na kitufe cha "Ghairi"

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, nizungumzie lugha. Msikimbie, tutarudi kwenye kompyuta muda si mrefu.

Mwaka jana nilifanya kazi kwa miezi kadhaa na jamaa mmoja wa Lucknow, mji ulioko kaskazini mwa India. Kila mtu alikuwa kwake, tukikutana kwa simu ya video. Siku moja tukiwa katikati ya kazi mama yake akampigia. Simu yake mpya ilikuwa inamsumbua. Jamaa akaniomba radhi, akamgeukia mama yake na kusema: "Mummy, pehle app update kar lo, phir phone band karke chalu karo."

Mimi Kihindi sijui, lakini nilicheka peke yangu kwa sababu nilidhani nimeelewa kila kitu. Nilisikia "app", nikasikia "update", nikasikia "phone". Nikajiambia, kumbe hawa watu wameacha Kihindi, wanaongea Kiingereza chenye viungo! Baadaye nilimwomba anifafanulie sentensi ile neno kwa neno. Maana yake ni: mama, kwanza sasisha ile programu, kisha zima simu na uiwashe tena. Nikahesabu. Maneno 12. Ya Kiingereza ni manne, na moja kati ya hayo ni la kumwita mama mzazi. Manane yaliyobaki ni yao. Tena yale manane ndiyo yanayofanya kazi yote: kwanza, kisha, fanya, zima, washa. Kiingereza kimeleta majina ya vitu na jambo moja la kufanyika, lakini anayeendesha gari ni Kihindi.

(Na hilo neno "gari" nalo tulilipata kutoka kwao. Nitalirudia.)

Tangu siku ile nimekuwa nikilifuatilia jambo hili, kwa sababu linagusa kazi yangu moja kwa moja. Sisi tunaotengeneza programu ndio tunaoandika maneno kwenye vitufe. Tukikosea, kuna mtu anaumia. Nitawaeleza aliyeumia kwa mkono wangu mimi mwenyewe, lakini kwanza tuone Kihindi kinafanyaje.

Kihindi kina kitenzi "karna", maana yake kufanya. Neno lolote geni likifika mlangoni, "karna" inalishika mkono na kuliingiza ndani. "Download karo", pakua. "Save kar do", hifadhi. "Click kijiye", hiyo ni kwa heshima: tafadhali bofya. Neno la Kiingereza lenyewe haliguswi, halipewi kiambishi hata kimoja. Wakati, nafsi, heshima, amri, yote hayo yanabebwa na "karna". Wenzangu wa kazi hii watanielewa nikisema ni kama adapta ya umeme. Plagi iwe ya nchi gani, unaichomeka kwenye adapta na mambo yanakwenda. Kuna na pacha wake, "hona", yaani kuwa. Ukichaji simu mwenyewe ni "charge karna", simu ikipata chaji ni "charge hona". Kompyuta ikiganda wanasema "computer hang ho gaya". Nilipoisikia hiyo niliruka, maana hapa Nairobi tunasema "imehang" kila siku ya Mungu!

Si "karna" peke yake. Wahindi hawapigi picha, wanaivuta: "photo kheencho". Simu wanaibandika: "phone lagao". Lakini ile simu ya kulia mara moja na kukatwa ili mwenzako akupigie, hiyo wanaipiga kama sisi: "missed call maro", na "maro" ni piga, kama unavyopiga ngumi. Watu wawili wasiojuana, mmoja Lucknow na mwingine Gikomba, wote hawana salio, na lugha zao zimeamua kwamba simu ya namna hiyo hupigwa. Hakuna aliyewafundisha.

Tena jina la Kiingereza likishaingia, linapewa jinsia. Kihindi kila jina ni la kiume au la kike, kwa hiyo hata mashine lazima zichague upande. "Computer" ni dume: "mera computer", kompyuta yangu. "File" ni jike: "meri file". Na wingi wa faili ni "filein", kwa mwisho wa Kihindi kabisa. Mtu wa London akisikia "filein" hatajua ni neno lake. Limeshahamia, limepata kitambulisho.

Sisi tuna njia yetu, na kwa maoni yangu ni kali zaidi. Kiswahili hakiliweki neno geni kando ya kitenzi, kinalimeza zima zima. "Nimeidownload." "Ametublock." "Nitakuforwardia." Hebu litazame hilo la mwisho kama fundi: kuna mtendaji, kuna wakati, kuna mtendewa, na mwishoni kuna ile "-ia" ya kumtendea mtu. Neno la Kiingereza limebanwa katikati kama nyama ndani ya sambusa. Najua kuna walimu wanaoumwa na kichwa wakisikia hivyo, na siwalaumu. Ninachosema ni kwamba sarufi iliyobeba mzigo huo ni ya Kiswahili, haijapinda hata kidogo.

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza ni hii: kuchanganya si dalili ya lugha kufa. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 528 waliosema lugha yao ya kwanza ni Kihindi, pamoja na lahaja na lugha jirani zinazohesabiwa chini yake kama Kibhojpuri. Lugha ya watu wengi hivyo haiuawi na neno "update".

Na si mara ya kwanza kuchanganya. Mwulize Mhindi maneno haya: kitab, kalam, dunya, khabar, hisab, jawab, waqt. Kitabu, kalamu, dunia, habari, hesabu, jawabu, wakati! Yote yana asili ya Kiarabu. Kwao yalipitia Kiajemi, mahakamani na kwenye ofisi za watawala. Kwetu yalishuka pwani na majahazi na biashara. Kwenye matangazo ya India wanapotaka kusema masharti yatazingatiwa, wanaandika "shartein", ambayo ni sharti letu lile lile. "Daftar" kwao ni ofisi, kwetu daftari ni la kuandikia. Halafu sisi tukachukua kwao gari, bima, hundi, laki, chapati, na pesa inayotokana na "paisa". Fikiria M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2007: herufi ya kwanza ni ya simu kwa Kiingereza, kilichobaki kina asili ya India, na jina zima leo ni la Kiswahili kuliko ugali. Nani anayelalamika?

Sasa tuje kwa waliojaribu kuzuia mafuriko. Katiba ya India iliyoanza kutumika Januari 26, 1950, kifungu cha 351, inaagiza kwamba Kihindi kikihitaji msamiati kichukue kwanza kutoka Kisanskriti, kisha lugha nyingine. Mwaka 1961 ikaundwa tume ya istilahi za sayansi na teknolojia. Kwenye Kihindi hicho cha maandishi kompyuta ni "sanganak", kibodi ni "kunjipatal", simu ni "doorbhaash", intaneti ni "antarjaal". Maneno mazuri, yana mantiki. "Antarjaal" imeundwa kwa wavu, kama mtandao wetu ulivyotokana na kutanda. Lakini nenda sokoni Lucknow useme unatafuta fundi wa "sanganak" uone watakavyokutazama. Watadhani umetoka kusoma taarifa ya habari.

Mambo yalifika mahali serikali yenyewe ikasalimu amri. Septemba 2011 idara ya lugha rasmi, iliyo chini ya wizara ya mambo ya ndani ya India, ilitoa waraka ikishauri maofisa waache Kihindi kigumu, watumie maneno yaliyozoeleka hata kama ni ya Kiingereza, mradi yaandikwe kwa hati ya Kidevanagari. Andika "computer", usijitese na "sanganak". Waraka ule ulizua mabishano makali. Wapo walioona ni akili, wapo walioona ni kuinua mikono kabla ya vita.

Hapa Kenya tunaijua hadithi hiyo vizuri. Mimi niliandika "tarakilishi" kwenye insha ya shule nikapata alama yangu, na kipindi kilipokwisha mwalimu yule yule akaniambia, "Kijana, zima hiyo kompyuta." Tarakilishi ya mtihani, kompyuta ya maisha. Rununu ya kitabuni, simu ya mkononi. Lakini tusicheke sana, maana yapo yaliyoshinda. "Tovuti" imekaa. "Pakua" inaeleweka. "Salio" imeingia hata kwa wasiojua kusoma, kwa sababu ilikuja ndani ya simu, ikasemwa kila siku, tena ikihusu pesa ya mtu. Neno halishindi kwa kuwa safi. Linashinda kwa kutumika mahali penye haja.

Kuna sababu nyingine iliyosukuma Kihindi kwenye mchanganyiko, na hii ni ya kiufundi. Ujumbe mfupi wa simu una baiti 140. Ukiandika kwa herufi za Kilatini unapata herufi 160. Ukiandika kwa Kidevanagari kila alama inachukua biti 16, unabaki na nafasi 70 tu. Kwa hiyo yule aliyeandika Kihindi kwa hati yake mwenyewe alilipa zaidi ya mara mbili kwa maneno yale yale! Ongeza shida ya kibodi. Ongeza zile fonti za zamani kama Kruti Dev, zilizovalisha herufi za kawaida sura ya Kihindi, hata ukimtumia mwenzako asiye na fonti hiyo anaona takataka tupu. Unicode ilikuwa na Kidevanagari tangu toleo la kwanza la 1991, lakini ilichukua miaka mingi kufika mkononi mwa mwananchi. Katikati hapo mamilioni walijizoeza kuandika Kihindi kwa a, b, c. Na ukishaandika kwa herufi za Kiingereza, neno la Kiingereza linaingia bila hodi. Tuliotengeneza vyombo ndio tuliopinda mto, kisha tukasema watu hawapendi lugha yao.

Kiswahili kiliponea hapo. Herufi zetu ziko kwenye kila kibodi duniani. Jambo OpenOffice ilitoka mwaka 2004 kutoka mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kilichowaumiza vichwa hakikuwa fonti, kilikuwa maneno. Hatuna kisingizio cha biti 16.

Sasa niungame.

Nilimtengenezea shangazi yangu programu ya simu kwa ajili ya chama chao. Yeye ndiye mweka hazina. Ni wanawake 23, wengi wao wanauza mboga na nguo, na kila Jumapili wanachanga. Nilikuwa na ari ya Kiswahili sanifu, nikafungua kamusi, nikaandika kila kitu kama mtahini. Mwisho wa ukurasa wa michango niliweka vitufe viwili: "Wasilisha" na "Ghairi".

Jumapili ya kwanza shangazi akaingiza michango yote 23, jina kwa jina, kwa kidole kimoja. Alipofika chini akasimama. "Wasilisha" ilimtia wasiwasi, akadhani itapeleka hesabu zao kwa ofisi fulani, pengine hata ya ushuru. "Ghairi" hakuijua, lakini ilionekana ndogo na ya upole. Akabonyeza "Ghairi". Kazi ya nusu saa ikapotea, mbele ya wanawake 22 wanaomtazama.

Akanipigia. "Mwanangu, hii kitu yako imekula michango ya watu." Nikamwambia ghairi maana yake ni kuacha jambo. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa kwa nini hukuandika cancel? Na ile ya kusave iko wapi?"

Pesa zenyewe zilikuwa salama ndani ya kopo, na kwa bahati alikuwa bado anaandika kwenye daftari. Lakini wiki ile nzima kuna mama mmoja aliyekuwa akiwaambia wenzake kwamba mweka hazina amefuta majina makusudi. Shangazi ameishika ile hazina miaka sita bila shilingi kupotea. Kwa sababu ya neno langu la kamusi, mtu alimshuku. Hilo halijaniondoka.

Kwa hiyo nikabadilisha. Nikaandika "Save" na "Cancel", nikajiona nimeelimika. Na hapa ndipo hadithi inapogeuka, maana kulikuwa na kitufe cha tatu nilichokuwa nimekiacha kwa Kiingereza tangu mwanzo kwa kukosa neno: "Sync". Hakuna hata mmoja kati ya wale 23 aliyewahi kukigusa. Hawakujua ni nini, na hapakuwa na soko lolote lililowafundisha. Nikakiandika upya: "Tuma hesabu kwa wanachama wote." Jumapili iliyofuata walikibonyeza wakacheka, kila simu ikilia.

Unaona basi? Kiswahili cha kamusi kilimkosea shangazi, na Kiingereza nacho kilimkosea. "Save" ilifaa kwa kuwa alishaijua kutoka kwenye majina ya simu yake. "Sync" haikufaa. Swali halikuwa neno hili ni la lugha gani. Swali lilikuwa yeye amekutana nalo wapi.

Nilimsimulia yule jamaa wa Lucknow, akacheka akisema kwao ni hivyo hivyo. Kwenye programu za Kihindi utakuta mahali pameandikwa "sahejein", neno lao la kuhifadhi, na pengine "save karein". Lakini tuma ni "bhejein", tafuta ni "khojein", ondoa ni "hatayein", na haya hayana matatizo kwa sababu ni matendo ambayo watu walikuwa wakiyafanya kabla ya kompyuta kuzaliwa. Akaniambia pia kinachomkera: benki na makampuni yanayochukua sentensi nzima ya Kiingereza na kuivika herufi za Kidevanagari, "account deactivate", "transaction decline", kisha wanasema wametafsiri. Mama yake anaweza kuisoma herufi kwa herufi, tena kwa sauti, na asijue pesa zake zimekwenda au hazijakwenda. Hayo si mazungumzo ya watu yanayochanganya lugha. Huo ni mlango uliopakwa rangi ya kufunguka na huku umefungwa.

Hapo ndipo nilipo mimi. Mtu akiongea, achanganye atakavyo, ni haki yake na sarufi yake itamlinda. Lakini anayeandika kwenye skrini ya mtu mwingine hana uhuru huo huo, kwa sababu msomaji hawezi kumwuliza "umesema nini?" Mimi sasa najiwekea hivi. Tendo la kawaida liwe Kiswahili: tuma, futa, fungua, rudi. Kifaa au jambo geni liitwe linavyoitwa na wanaolitumia, liwe limetoka London au Lamu. Na penye pesa au penye kupoteza kitu, nisitumie neno moja hata liwe zuri vipi, niandike sentensi kamili. "Ukiendelea, majina yote 23 yatafutika. Uendelee?" Inachukua nafasi kwenye skrini, ndiyo. Nafasi ipo.

Na kabla ya kutoa programu, nampa mtu asiyesoma kazi yangu, nakaa kimya, namtazama kidole. Kidole kikisimama juu ya kitufe zaidi ya sekunde mbili, neno hilo naliondoa, hata kama limo kwenye kamusi tatu.

Shangazi bado ana daftari lake. Anasema ni la akiba, endapo nitaamua tena kusoma kamusi.

Haya, kwaherini kwa leo. Tukijaliwa, wiki ijayo narudi na seva zangu.